Sanamu ya Jauzari na Binti Muosha Miguu

Alitawala Sultani Dahmani bin Shahruni katika mji wa Jauzari, mji wa kuta nyeupe na bustani za komamanga, na desturi yao ilikuwa kwamba neno la sultani halikuwa amri mpaka liridhiwe na mungu wao, sanamu ya shaba iliyokaa hekaluni. Kuhani Mkuu Barkuki aligonga fimbo, na sanamu ikiinamisha kichwa hukumu imepita, na isipoinamisha mshtakiwa huenda zake huru. Hivyo sultani alitawala kwa kichwa cha sanamu, na kuhani alikula kwa mkono wa sultani, na watu walilala wakiamini kwamba mtawala wao naye ana wa kumtawala.

Aliyeamini hayo kuliko wote ni Yakuti, binti aliyeosha miguu ya sanamu kwa maji ya waridi. Mwaka wa ukame baba yake, Sahli, aliificha mbegu ya ngano iliyotakiwa na hekalu, apate kupanda mvua ikirudi, na akakamatwa, na sultani akataka akatwe kichwa.

Asubuhi ya hukumu Yakuti aliosha ile miguu huku akilia, na mara akasikia mwingine analia ndani ya shaba.

"Usiogope, bibi yangu. Mimi ni Zamharuni, jini niliyefungwa humu na kuhani wa kwanza, kwa muhuri wa madini ya risasi ulio chini ya kisigino. Fimbo ikigongwa, mimi ndiye ninayeinamisha kichwa, nitake nisitake. Ubandue, nami nitakutimizia haja moja."

"Kumbe siku zote ni wewe?"

"Siku zote, bibi."

Yakuti akaukwangua muhuri mpaka ukabanduka, na moshi wa buluu ukatoka na kusimama mbele yake kama mnara.

"Sema sasa. Nimbebe baba yako mpaka Uchina? Nikujengee kasri?"

"La. Akitoroka ataitwa mwizi milele. Wewe usirudi humo tu. Kichwa kisipoinama, baba atatoka kwa mlango mkubwa, mbele ya watu, kwa sheria."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Jini akamtazama kwa huruma nyingi, akapaa.

Watu wakajaa hekaluni. Kuhani akagonga fimbo, na kichwa hakikuinama. Akagonga tena, na jasho likamtiririka ndevuni, na sultani akang'ang'ania kiti chake, na moyo wa Yakuti ukaruka kwa furaha.

Ndipo mwuza maziwa mmoja akapiga kelele, "Imeinama! Nimeiona!"

"Hata mimi! Kidogo, lakini imeinama!"

"Wewe ulikuwa unatazama wapi, kipofu wee?"

Na ami yake Yakuti, Hatimu, aliyekula sahani moja na Sahli tangu utotoni, naye akapaza sauti kwamba ameiona. Kwa maana walimwogopa sultani, lakini waliogopa zaidi kuamka kesho katika mji usio na mungu.

"Muosha miguu ndiye aliye karibu," akasema kuhani. "Binti, umeona nini?"

"Haikuinama! Wallahi haikuinama!"

Watu wakamzomea. "Mtoto ana homa," akasema ami Hatimu, na askari akachomoa upanga.

Sahli, mikono nyuma, akamwita taratibu, "Yakuti, mama. Tazama vizuri. Imeinama."

"Baba!"

"Imeinama, mwanangu. Sema, uende nyumbani."

"Imeinama," akasema Yakuti.

Basi Sahli akakatwa kichwa, na watu wakamshukuru mungu wao. Kuhani aliuona muhuri uliobanduka, na hakumgombeza Yakuti, bali alimwoza kwa Waziri Sarduni, na harusi ikachezwa kwa ngoma na uvumba, akavikwa lulu, akapewa nyumba yenye vijakazi wasiomwacha peke yake. Na hata baada ya siku ile hakuna hukumu iliyokataliwa Jauzari, maana sultani na kuhani walikwisha kujua kwamba hawahitaji jini, wakiwa na watu.

Enyi mnaosikiliza, mwogopeni mtawala anayesema kwa kinywa cha mungu, na mziogope zaidi ndimi zenu wenyewe siku mtakapoulizwa mmeona nini.

Miaka ikapita, na binti yake Yakuti akamwuliza, "Mama, kweli sanamu huinamisha kichwa?"

Yakuti akawatazama vijakazi waliosimama mlangoni.

"Huinamisha, mwanangu," akasema. "Ukikua utaiona."