Picha ya Mtu Asiyekuwepo

Nina kesi imenishinda, nami nimeileta kwenu muiamue. Sikilizeni mpaka mwisho, na mwenye haraka ya kuhukumu aizuie kidogo.

Katika chuo kikuu kimoja cha Nyanda za Juu, ambako wanafunzi huingia darasani wamevaa masweta, walikuwapo vijana watatu waliosoma sanaa na falsafa kwa pamoja. Asubuhi walikuwa karakana wakichora. Mchana walikuwa darasani wakibishana kama kitu kizuri ni kizuri chenyewe, au ni kizuri kwa sababu yupo anayekitazama. Darasa lao zima lilikuwa hao watatu tu. Wenzao wa uhasibu waliwatania kwa kuwaita Wapaka Mawazo, nao wakalipenda jina hilo mpaka wakaliandika mgongoni mwa fulana zao.

Wa kwanza aliitwa Mbaruku, kijana wa Pangani. Kipaji chake kilikuwa kuuliza. Akinunua chapati iliyokatwa katikati, alitaka kujua kama amepewa chapati moja au vipande viwili ambavyo zamani vilikuwa chapati, na foleni nzima nyuma yake ilimzomea. Mkono wake wa kuchora, lakini, ulikuwa wa kusikitisha. Siku moja alichora ng'ombe, mwalimu akamsifu kwa kuchora meza imara.

Wa pili alikuwa Tumsifu, binti wa Machame. Kipaji chake kilikuwa mkono. Aliwahi kuchora sweta la mwalimu wao, na mwalimu alipoitazama picha aliona uzi uliofumuka begani, akajipapasa, akaukuta. Lakini falsafa ilimpa kizunguzungu. Mjadala ukianza, yeye alichora nyuso za wanaojadili.

Wa tatu, Nyamizi wa Urambo, alijaliwa jicho. Hakuwa na mkono wa Tumsifu wala maswali ya Mbaruku, ila aliweza kusimama mbele ya picha, akatafuna karanga zake taratibu, kisha akasema, "Hapa pamezidi." Na kweli palikuwa pamezidi. Wenzake waliyaogopa maneno hayo mawili kuliko mtihani.

Basi walipofika mwaka wa mwisho, chuo kiliunda kamati ya kuamua kama kozi yao iendelee au ivunjwe. Mwenyekiti alikuwa Profesa Kihwelo, mzee wa takwimu, mtu wa maneno machache.

"Anayetaka kuchora na akachore," alisema, "na anayetaka kufikiri na akafikiri. Sioni kwa nini wakae chumba kimoja."

Mwalimu wao, Daktari Mwaluko, akaomba nafasi moja tu: kamati ije karakana, ione kazi moja ya wanafunzi wake, halafu iamue. Akawaita wale watatu akawaambia, "Jamani, mkichora kitu kizuri tu, tumekwisha. Mkileta wazo tupu, tumekwisha vilevile. Nataka kitu ambacho kisingepatikana kama mngekuwa mmesoma kimoja bila kingine."

Wakaingia karakana wakakaa. Tumsifu akapendekeza mlima. Nyamizi akatikisa kichwa. Akapendekeza soko. Nyamizi akatikisa tena. Ndipo Mbaruku, aliyekuwa amelala chali sakafuni, akauliza:

"Hivi, mtu asiyekuwepo anaweza kuchorwa?"

"Unachora pengo," akasema Tumsifu.

"Pengo la nani, sasa? Ukichora kiti kitupu, ni kiti kitupu tu. Nitajuaje kwamba kuna mtu hayupo, na kwamba hayupo yeye, si mwingine?"

Swali hilo liliwang'ang'ania. Walikula nalo, wakaenda nalo maktaba, wakarudi nalo. Kila walipojaribu kuchora kitu kingine, liliwarudia.

Mwishowe Tumsifu akasimamisha kitambaa cha kuchorea, kikubwa kuliko yeye mwenyewe, akaanza. Alichora familia yake ikila chakula cha jioni: bibi akinyoosha mkono na bakuli, mjomba amegeuka huku akicheka, mtoto mdogo ameegemea kifua cha babu. Babu huyo alikuwa amefariki Tumsifu akiwa sekondari. Nyumbani kwao hapakuwa na picha yake hata moja, kwa kuwa mzee alikuwa akiikimbia kamera. Uso wake ulikuwa umebaki kichwani mwa Tumsifu tu, naye akautoa wote: makunyanzi, jicho moja lililokuwa dogo kuliko jingine, tabasamu la mtu anayeficha utani. Alipomaliza alikaa chini, akasema, "Jibu lako hilo, Mbaruku. Hayupo, na nimemchora."

Mbaruku alipiga makofi. Nyamizi alitafuna karanga.

"Hapa pamezidi," akasema.

"Wapi?"

"Babu. Mtoe."

Tumsifu alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alikataa katakata. "Mtoe nani? Huyu siwezi kumchora tena hata nikipewa mwaka mzima. Mkono wangu umempata mara moja tu."

"Mtoe yeye, wengine waache kama walivyo," Nyamizi akasihi. "Ona mikono yao, ona macho yao. Wote wanamwelekea."

"Nimesema hapana."

Tumsifu akaenda bwalo kula. Mbaruku akamfuata, akimuuliza njia nzima kama mtu wa kwenye picha anaweza kufa mara ya pili. Nyamizi akabaki peke yake. Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Rangi ilikuwa ya mafuta, haijakauka. Akachukua kipande cha nguo kuukuu, akakilowesha tapentaini ya kuyeyushia rangi, akamfuta babu, kichwa mpaka miguu.

Waliporudi, kelele ya Tumsifu ilisikika mpaka idara ya jiografia.

"Umemfuta babu yangu!"

"Nilikuomba, ukakataa."

"Kukataa ndilo jibu lenyewe, Nyamizi!"

"Lakini ngojeni," akaanza Mbaruku, "kama amefutwa, na bado sote tunaona kwamba..."

"Nyamaza!" wakamwambia wote wawili.

Tumsifu akakaa chini akalia. Nyamizi naye akalia, akakaa mbali. Baadaye Tumsifu alipoinua uso, macho yake yalimwangukia yule mtoto. Mtoto alikuwa ameegemea hewa, lakini kwa raha zote, kama aliyeshikwa. Bibi alikuwa anampa bakuli mtu asiyeonekana. Kicheko cha mjomba kilikuwa kinasubiri kujibiwa. Tumsifu akafuta machozi kwa kiwiko.

"Nipeni rangi ya kahawia," akasema. Akachora kigoda na ukuta wa nyuma, pale babu alipokuwa amekaa.

Siku ya kamati ikafika. Wajumbe wakaingia karakana wakiwa na haraka zao. Pamoja nao alikuwapo mgeni, Bi Celeste kutoka Maputo, mchoraji aliyekulia Mtwara na aliyezungumza Kiswahili bila shida. Profesa Kihwelo alisimama mbele ya picha, mikono nyuma.

"Huyu mtoto mbona haanguki?" akauliza.

Profesa akasogea. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hapo alikuwa anakaa dada yangu," akasema polepole.

"Hapana, Profesa, samahani," akadakia mjumbe mmoja, mama wa idara ya sheria. "Hapo ni pa baba yangu. Tazama bibi anavyompa bakuli. Hivyo hivyo alivyokuwa akipewa baba."

Wajumbe wakaanza kubishana nani amekaa kwenye kigoda kitupu. Mbaruku alitaka kuingilia, Nyamizi akamkanyaga mguu. Mwisho Profesa akageuka.

"Nilikuja hapa nikiwa nimeshaamua," alisema. "Uamuzi huo naufuta. Kozi itaendelea."

Daktari Mwaluko alimkumbatia kila aliyekuwa karibu naye, mpaka dereva wa kamati. Nyamizi akapiga vigelegele.

Sasa ndipo kesi yangu inapoanza. Bi Celeste akasema, "Ninayo nyumba ya wasanii kule kwetu. Kila mwaka namkaribisha mtu mmoja, anakaa, anachora, anafundishwa na walio bora. Chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja. Mwaka huu namtaka mwenye picha hii. Ni nani?"

Mbaruku akamnyooshea kidole Tumsifu. Tumsifu akamnyooshea Nyamizi. Nyamizi akamnyooshea Mbaruku. Watu wakaangua kicheko, na Bi Celeste akasema atasubiri jina mpaka kesho yake asubuhi.

Kumbe ukarimu ule ulikuwa wa furaha tu. Asubuhi, wakinywa chai, kila mmoja alikuwa ameshaifikiria Maputo vizuri.

"Nisingeuliza," akasema Mbaruku, "Tumsifu angetuchorea mlima. Kamati ingeusifia mlima na kuvunja kozi."

"Swali lako lingebaki limelala sakafuni nawe," akajibu Tumsifu. "Kila alama pale ni ya mkono wangu, hata huo ukuta. Tena mimi ndiye niliyepoteza. Uso wa babu sitaupata tena."

"Ni kweli kila alama ni yako," akasema Nyamizi, "lakini kilichowagusa wajumbe ni mahali pasipo na alama, na pale nilipafanya mimi. Kama ningekuwa nimeharibu, lawama ingekuwa yangu peke yangu. Mngesema sote tumekosea?"

Wakacheka, wakabishana, wakaongezeana sukari, wakabishana tena. Wakamwendea Daktari Mwaluko awaamulie. Daktari akashika kichwa. "Mmenipata," akasema. "Nimewafundisha kuuliza, leo mnaniuliza mimi!" Akajifungia ofisini mwake.

Hivi ninavyowasimulia, Bi Celeste amekaa barazani, mizigo yake iko garini, na wale watatu wamesimama mbele yake wameshikana mikono, kila mmoja anatamani kwenda na hakuna anayetaka kumwumiza mwenzake. Yupo aliyeuliza. Yupo aliyechora akapoteza. Yupo aliyefuta bila ruhusa, na kufuta kwake ndiko kulikoifanya picha iwe picha. Bi Celeste anataka jina moja.

Mimi nimeshindwa. Wewe uliyenisikiliza, ungemtaja nani? Na wale wawili utakaowaacha pale barazani, ungewaambia nini?