Bi Kindi Alivyojenga Chumba Ndani ya Mac ya Kiboko

Hamchoki? Mtama sijamaliza kuupepeta, mgongo unaniuma, na nyie mmeshakaa mkeka mzima mnataka hadithi. Tena si ya mazimwi, mnataka ya kompyuta! Mimi shule niliiona mlangoni tu. Haya, sogeeni. We Sikujua, toa mguu wako kwenye ungo wangu.

Mpo?

*Tupo!*

Mpo macho au mpo miili tu?

*Macho na masikio!*

Basi nalifungua kapu, kilichomo kitoke chenyewe.

*Kitoke!*

Alikuwapo Bi Kindi, mdogo, mkia mkubwa, maneno makubwa zaidi. Alikuwa na kompyuta kuukuu ya Windows, na sidii moja ya mchezo wa mbio za matrekta. Trrrrr! Wanyama wakitoka shamba wanapita kwake kucheza, na kila anayecheza anaacha konzi ya karanga. Karanga hizo ndizo chakula cha wanawe. Hakuna mchezo, hakuna karanga. Hakuna karanga, watoto wanalamba vyungu.

Siku moja kompyuta ikalia pwaa! Moshi fuu! Ikafa. Ikabaki sidii.

Kiboko akasikia. Huyu Kiboko alikuwa na kompyuta mpya ya Mac, nyembamba kama chapati ya mchoyo. Akaja, gubu, gubu, gubu, akaikwapua sidii.

"Mtani wangu, nachukua!"

Kindi na Kiboko ni watani tangu mababu. Na utani mnaujua: mtani akichukua chako, unacheka. Ukikasirika, unalipa faini, na faini wanaitaja waliokushuhudia. Bi Kindi akacheka. Hehehe. Meno nje, moyo unaungua.

"Chukua, mtani. Kitambi chako kitapata kazi."

Kiboko akafika kwake, akaigeuza Mac juu, akaigeuza chini. Pa kutia sidii hapana! Akaisukuma sidii pembeni, kwii! Akaisukuma chini ya kioo, kwii!

"Bi Kindi! Njoo! Hii mashine haina mdomo!"

"Mwenye mdomo ni wewe, mtani. Mashine mpya hazina. Zinaazimiwa."

Bi Kindi akaenda kwa jirani, Nungunungu, akaazima kisomeo cha sidii chenye waya, wakarudi wote wawili. Akachomeka. Sidii ikazunguka, zzzzz. Kiboko akabonyeza. Mac ikasema haiwezi kuifungua programu hii.

"Fungua!" Kiboko akaikemea.

Mac ikasema yale yale.

"Fungua, nimesema!"

Nungunungu akasema, "Mzee, hiyo si mkeo."

"Mtani," akasema Bi Kindi, "hata ukiifokea mpaka masika. Huu mchezo ni wa Windows, wa siku nyingi. Hii ni Mac, ya juzi. Hawajuani. Mchezo unataka Windows yake, ijengewe chumba humo humo ndani, kompyuta ndani ya kompyuta."

"Sasa si ujenge!"

"Nikijenga, chumba cha nani?"

Kiboko akachungulia nje. Wanyama washaanza kupanga foleni na karanga zao. Mate yakamtoka, chururu.

"Chako, chako! Jenga upesi!"

"Nungunungu, umesikia?"

"Nimesikia. Na miiba yangu imesikia."

Bi Kindi akaanza, tak tak tak. Lakini ndani ya Mac hapakuwa na nafasi. Kumejaa picha. Kiboko anapiga miayo. Kiboko anapiga miayo amegeuka kushoto. Kiboko anapiga miayo, jua nyuma yake.

"Mtani, punguza miayo, chumba kipate nafasi."

"Sifuti hata moja! Jenga kwenye kona."

Akajenga kwenye kona. Trekta likaenda: tr... likalala... tr... likalala.

"Ongeza kidogo, mtani."

"Haya, kidogo."

Trekta likaenda: trr... likapumzika. Konokono akapita juu ya meza, akaliacha nyuma.

"Ongeza kidogo, mtani."

"Utanimaliza!"

"Karanga zinaondoka, mtani."

"Chukua nusu! Nusu ya mashine, chukua!"

Akachukua nusu. Trekta likanguruma: trrrrrrrrr! Foleni nzima ikapiga vigelegele.

Hapo Kiboko akamgeukia. "Asante, mtani. Sasa nenda nyumbani. Mashine yangu, sidii yangu, na karanga zangu."

Bi Kindi akacheka tena. Hehehe. Akakifunga chumba kwa neno la siri, akakunja mkia wake, huyo, akaenda.

Karanga za kwanza Kiboko akazimimina kinywani, kwarakwacha kwarakwacha. Akakaa kufungua mchezo. Mac ikauliza neno la siri. Akabonyeza kwa kidole chake kimoja kinene, zikaingia herufi nne kwa mpigo. Kosa. Akabonyeza tena. Kosa. Foleni ikaanza kunung'unika.

"Mzee, rudisha karanga zetu!"

"Zimeshamezwa," akasema Kiboko.

"Basi fungua mchezo!"

Akaenda mwenyewe kwa Kindi, gubu gubu gubu, foleni yote nyuma yake.

"Bi Kindi! Neno la siri!"

"Aa, mtani! Wewe ulichukua sidii, mimi nimechukua mlango. Cheka basi."

"Mwizi mkubwa wewe! Nitakukanyaga uwe kitambaa cha meza!"

Foleni yote ikamgeukia Kiboko. Hata nzi alitua.

Nungunungu akasimamisha miiba, shwaa. "Jamani, kakasirika."

"Kakasirika!" wakaitikia. "Kamkasirikia mtani!"

Kiboko akajaribu kucheka. He. He. Kumekucha, amechelewa. Mac yake nusu ni chumba cha Bi Kindi, kwa kinywa chake mwenyewe, na faini juu.

Kapu limebaki kapu, kilichomo kimetoka.

*Kimetoka!*

Na fundisho ni hili, lishikeni: mkinyang'anywa, kaeni kimya mnyang'anywe vizuri. Msijenge kwenye nyumba ya mtu. Msimfungie mwenzenu mlango. Bi Kindi aliyafanya hayo yote, na wanawe wamenenepa mpaka matawi yanakatika, lakini nyie msimwige, nyie mna adabu.

Nini tena? Faini?

Kiboko aliilipa kwa mgongo. Jioni zote za msimu ule alilala kifudifudi mbele ya Mac, akawa benchi. Bi Kindi na wanawe walimkalia, majirani walimkalia, na Nungunungu naye alikaa, polepole. Kichwa walimgeuzia mtoni, kwa hiyo trekta alilisikia tu, hakuliona. Karanga zilikwenda kwa Bi Kindi. Kiboko alipata maganda, na hayo walimtupia masikioni.