Kigong'ota na Bata wa Msufi

Jamani, mpo?

— Tupo!

Mmekaa au mmejilaza?

— Tumekaa!

Anayesinzia nimfanyeje?

— Mfinye!

Haya. Nikidanganya je?

— Danganya vizuri!

Basi palikuwa na bwawa, Bwawa la Ng'ambwe, na kando ya bwawa palikuwa na mkuyu mkavu. Ndani ya mkuyu huo aliishi Bi Kigong'ota, ndege mdogo, mdomo mgumu kama patasi. Tundu la juu alitagia mayai. Tundu la chini ndilo lilikuwa karakana yake. Ukipita asubuhi unamsikia: ko-ko-ko-ko! Ukipita mchana: ko-ko-ko-ko!

Alichonga miiko, alichonga mbuzi za kukunia nazi, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa kuchonga bata. Bata wa mti wa msufi, ule mti mwepesi unaoelea majini kama povu. Alichonga shingo, akachonga mabawa, akasugua kwa majani ya msasa mpaka yakateleza. Halafu alirudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa, akasema, "Ah, mimi!" Kwa kujisifu hakuhitaji msaada wa mtu.

Na ndani ya bwawa aliishi Mamba. Mkubwa, mvivu, mlafi, na harufu ya kinywa chake ilifika kabla yake. Alikula kambare, alikula vyura na wakwe zao. Ila kitu alichokipenda kuliko vyote ni bata. Na bata, kwa kuwa si wajinga kama wanavyotembea, walikwisha kulihama bwawa. Walikunywa maji kwenye vidimbwi vya kule juu.

Siku moja Mamba akatoka majini, tope linamdondoka, akaupiga mkuyu kwa mkia. Paa! Mkuyu ukayumba. Ndani, mayai matatu yakagongana: kli, kli, kli.

"Nani huyo?" akauliza Bi Kigong'ota.

"Mwenye bwawa."

"Shikamoo, Mzee Mamba."

"Marahaba. Nasikia unachonga bata."

"Najaribu, Mzee."

"Nichongee kumi, uwaweke majini. Bata wa kweli wakiwaona wamestarehe, watadhani mimi nimekufa. Watashuka. Nitakula."

"Na nisipochonga?"

Paa! Kli, kli, kli.

"Nimeuliza tu, Mzee."

Sasa wewe hapo nyuma unaguna, ungekuwa wewe ungekataa. Wewe una mayai? Basi nyamaza.

Akachonga. Ko-ko-ko-ko! Siku tatu, bata kumi. Akawapaka masizi midomoni, maana bata wa nchi ile wana midomo myeusi, akawateremsha majini. Wakaelea, wakageuka na upepo, wazuri hao!

Kule juu jua lilikuwa kali na vidimbwi vilikuwa vimekauka mpaka tope likapasuka. Bata wakalitazama bwawa. "Wenzetu wametulia pale. Bila shaka yule mzee amekufa." Wakashuka: pwaa! pwaa! pwaa!

Walipokwisha kujisahau kwa maongezi, maji yakafunguka. Gubu! Mamba akameza mmoja. Gubu! Akameza wa pili. Gubu! Wa tatu alikuwa wa msufi, akamgota menoni. Bata waliobaki wakaruka wakipiga kelele, manyoya yakabaki yanaelea.

Mamba akaja mkuyuni amefura.

"Umenilisha ubao!"

"Umejilisha mwenyewe, Mzee."

"Hawatofautiani na wa kweli!"

"Kweli?" Furaha ikamponyoka Bi Kigong'ota. "Hata wewe uliwaona hivyo?"

"Usinichekee! Wapake alama. Wale wa mti wawe na midomo myekundu. Mdomo mwekundu ni mti, mdomo mweusi ni mlo. Kesho niwakute hivyo, na kila siku uongeze wengine, la sivyo..."

Paa! Safari hii alipiga kwa nguvu zake zote. Kli, kli, krak.

Mamba akaondoka zake. Bi Kigong'ota akapanda tundu la juu, akakuta yai moja limepasuka, ute unachuruzika. Akakaa kando yake. Hakugonga mti. 

Mara akasikia mtu anatukana huko chini.

"Toka, fundi muuaji! Toka nikunyonyoe!"

Alikuwa bata jike, jina lake Sikudhani, na mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika.

"Dada yangu ameliwa!" akasema. "Na mimi nilikuwa nimekaa na mmoja wa watu wako. Nimemweleza shida zangu zote, hakunikatiza hata mara moja. Nikasema, huyu ndiye mume! Kumbe kipande cha mti!"

"Yupi huyo?"

"Yule wa shingo ndefu."

"Yule nilimpiga msasa mara nne," akasema Bi Kigong'ota.

"Nakutukana, wewe unaniletea habari za msasa!"

Sikudhani akapanda mzizi, akarukia tundu la juu ili amzabe kofi. Akaliona lile yai. Bawa likashuka lenyewe.

"Lini?"

"Mchana huu."

Sikudhani akakaa kando yake. 

"Pole," akasema.

"Pole na wewe. Nimewaponza." Bi Kigong'ota akajifuta macho. "Hamwezi kwenda kwingine?"

"Wapi? Maji yaliyobaki ni haya. Watoto wetu wataishi siku mbili, labda tatu."

Bi Kigong'ota akatazama chini karakanani. Palikuwa na kifuu kimejaa ngeu, ule udongo mwekundu wanaotumia mafundi kuchorea mstari juu ya mbao. Ndio ambao angeutumia kwa kazi ya Mamba. Akautazama. Akamtazama Sikudhani mdomoni. Akautazama tena.

"Mwenzangu," akasema, "hebu lete mdomo wako hapa."

Jioni ile bata wote arobaini walipanga foleni mbele ya mkuyu, wakapakwa ngeu iliyochanganywa na utomvu isije ikaoshwa na maji. "Usilambe! Wewe, usipige chafya!" Wale wa msufi wakaachwa na midomo yao myeusi.

Asubuhi bata hawakutaka kushuka. Rangi ni rangi, na meno ni meno. Sikudhani akatangulia. Pwaa! Akakaa wima kama gogo. Mamba akaja taratibu, macho juu ya maji, akafika karibu kiasi cha shubiri moja. Sikudhani akanyamaza, jambo ambalo halijampata tangu atoke kwenye yai. 

"Mdomo mwekundu ni mti," akasema Mamba, akampita.

Mbele yake akaona mdomo mweusi. "Mdomo mweusi ni mlo!" Gubu! Akameza wa msufi. Gubu! Gubu! Safari hii aliiamini alama, hakutafuna, alimeza tu. Siku ile alimeza tisa.

Akaja mkuyuni. "Bata wa leo hawana ladha."

"Ukame, Mzee. Wamekonda."

Siku ya pili, ko-ko-ko-ko, Bi Kigong'ota akachonga wengine wa midomo myeusi. Gubu! Gubu! Mamba akaja. "Tumbo limejaa, njaa iko palepale!"

"Hujafikia kiasi, Mzee. Ongeza."

Siku ya tatu, ko-ko-ko-ko. Gubu! Gubu! Mamba akaja amevimba kama gunia la pamba.

"Mbona wale wa mti wanatembea?"

"Upepo, Mzee."

"Na mmoja ameninyea kichwani!"

"Utomvu huo, Mzee. Mti mbichi."

"Unanuka."

"Mti mbichi sana."

Mamba akaridhika. Alama aliichagua yeye, angeikosoaje?

Siku ya nne Mamba akataka kuzama ili akavizie. Akainamisha kichwa, akainua mkia. Po! Akaibuka. Akavuta pumzi, akasukuma kwa miguu yote minne. Po! Akaibuka tena. Akajaribu kwa hasira. Po! Akageuka tumbo juu, miguu hewani, anaelea kama kibuyu.

"Kigong'ota! Umenilisha nini?"

"Msufi, Mzee. Ule wa daraja la kwanza."

"Nizamishe!"

"Hiyo siyo kazi ya fundi mbao."

Sikudhani akaogelea mpaka pale, akapanda juu ya tumbo lake, akamweleza habari za dada yake tangu utotoni mpaka siku alipoliwa, bila kuruka hata moja. Mamba hakuwa na pa kwenda. Alisikiliza yote. Bata wengine wakapanda, wakaanika mabawa yao. Vyura nao wakapanda, wakaleta na wakwe zao.

Mvua ziliponyesha, bwawa likafurika, maji yakambeba Mamba mtoni, chali, huku akimfokea kila aliyepishana naye. Mkuyuni mayai mawili yalianguliwa. La tatu Bi Kigong'ota alilizika chini ya mizizi, na bata wote walikuja.

Ngano yangu naitua hapa; mwenye mabega aibebe, mwenye mdomo aiongeze chumvi.

Na fundisho lake ni hili: watiini wakubwa. Mkubwa akikuagiza kazi, mfanyie kama alivyotaka, rangi ileile, na umpe nyongeza. Msidanganye pia. Bi Kigong'ota hakudanganya, alichelewa tu kueleza.

Anayebisha akamuulize Mamba mwenyewe. Aende mtoni tu, hatapata taabu kumwona.