Kigoda cha Kando ya Moto

Hapo zamani, tena zamani ya juzijuzi, simu zilishakuwepo, kulikuwa na kilabu cha ulanzi huko milimani Makete. Mwenyewe Mama Edina, mjane, alisomesha watoto wanne kwa pombe hiyo ya mianzi. Asubuhi moja kilabu kikashika moto, na ukungu wa kwetu umetanda: ukinyoosha mkono, vidole huvioni.

Mlevi mmoja, Mahenge, akakimbia hadi zimamoto. Gari likatoka naye. Mimi nilikuwa juu ya tangi lake la maji. Asiyeamini akae kwake.

Gari hilo fundi Chaula, naye tulikuwa naye, alikuwa amelifungia mtambo unaoona ndani ya ukungu. Ukiona kitu mbele, unalia tii! tii! na kufunga breki wenyewe. Dereva Luvanda alikuwa akiucheka: "Miaka ishirini naendesha kwa macho haya!"

Kwenye kona, tii! tii! Gari likasimama. Tukashuka. Lori la mbao limelala barabarani, hatua tatu mbele, na kushoto korongo. Luvanda akarudi kwenye usukani. Tukalizunguka polepole.

Tukakunja kona kuingia njia ya kilabu. Tii! tii! Tukashuka: matawi ya mianzi tu, yameinamia njia. Mtambo umedhani ni ukuta. Tukijaribu, tii! Tukijaribu tena, tii! Na huko mbele Mama Edina anapiga yowe.

"Nyamaza basi!" Luvanda akauzima mtambo. Sasa nani ataona? Mahenge akaruka chini, akavua shati lake jeupe, jeupe la kukisia, akatangulia akilipeperusha. "Nifuateni! Njia hii naijua hata nikiwa siioni miguu yangu!"

Tukafika, moto ukazimwa, kilabu kikapona. Mama Edina akalia, akacheka, akaapa: "Aliyeniokolea kilabu, kigoda cha kando ya moto ni chake hadi afe. Na ulanzi wa kwanza kila siku aonje yeye." Kwa baridi ya kule, kigoda hicho kinashinda ubunge.

Chaula akadakia: "Changu! Bila mtambo wangu tungekuwa korongoni na maji yetu."

"Changu!" akasema Luvanda. "Mtambo wako ungekuwa bado unaogopa mianzi. Aliyeuzima nani?"

"Shikamooni, wakubwa," akasema Mahenge. "Aliyewaita nani? Aliyewaongoza nani?"

"Na aliyechochea moto mpaka ukapanda darini, nani?" Mama Edina akamuuliza.

Mahenge akajikuna. "Kidogo tu, mama. Nilisikia baridi."

Kigoda kimoja, makalio matatu! Wakanigeukia mimi, mwenye akili kuwapita wote, nami nikasema nitawauliza ninyi. Basi semeni upesi, mama wa watu bado amekishika mkononi: je, nani akikalie?