Maswali Yaliyozimwa

Ukimtuma mzee, usimzibe kinywa. Mmeisikia leo ofisini mkadhani imetoka kwa mababu. Haikutoka huko. Mzee aliyezibwa kinywa hakuwa hata mtu. Ilikuwa programu ya kompyuta. Methali hii ilianza hivi.

Muheza alikuwako mwalimu mstaafu, Mzee Mhina. Tangu aache kufundisha alizunguka vijijini akikusanya maneno ya Kibondei ambayo vijana hawayajui tena: majina ya miti, ya dawa, ya uchungu wa uzazi, maneno ya nyimbo za maziko, hata matusi. Kila kijiji alikifungulia folda yake katika kompyuta, na ndani yake jedwali moja lililoandikwa kwa programu kuukuu. Majedwali yote aliyapa jina moja: Maneno. Macho yalipomfifia, kazi ilimwangukia bintiye Perpetua, fundi wa kuandika programu, ayatayarishe kwa ajili ya kamusi.

Perpetua hakuwa na subira ya kufungua jedwali mojamoja. Aliandika maagizo kwa lugha mpya ya kompyuta, yaiendeshe ile programu ya zamani: fungua jedwali, lihifadhi kwa muundo mpya katika folda moja, futa la zamani, shika jingine. Lakini programu ile ilikuwa na mazoea ya kuuliza. Kwa kila hatua ilisimama, ikatoa kisanduku cha swali, ikangoja ijibiwe.

“Inanichosha na maswali yake,” Perpetua alilalamika.

“Inauliza nini?” babake alitaka kujua.

“Mambo ya kizee tu, Baba.”

Akaongeza mstari mmoja katika maagizo yake: maswali yote yazimwe. Kazi ikaanza kwenda mbio, naye akaenda kupika chai.

Aliporudi, folda mpya ilikuwa na jedwali moja tu. Kila jedwali lilipoingia lilikuta jingine lenye jina lilelile, na programu, isiyoruhusiwa kuuliza kama ilifute lile la kwanza, ililifuta. Lililosalia ni la kijiji cha mwisho. Alihangaika kuyarudisha mengine, hayakurudi.

“Nisomee maneno aliyonipa Bibi Mnyamisi,” mzee alisema, akinyoosha mkono kupokea kikombe.

“Hayapo, Baba. Yamefutika. Yamebaki ya kijiji kimoja.”

“Mashine haikukuonya?”

“Ilitaka kuniuliza. Mimi ndiye niliyeinyamazisha. Nitarudi vijijini, niwaulize upya.”

“Umuulize nani? Mnyamisi tumemzika. Semkiwa tumemzika. Na mimi nilikuwa nangoja unisomee, maana nimeanza kuyasahau.”

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aligeukia ukutani, na tangu siku hiyo hakuitaja tena kamusi, wala haikuchapwa kamwe.

Mzee alipokufa, Perpetua alitaka kumwimbia babake wimbo wa maziko wa Kibondei. Hakuujua, na waombolezaji wote hawakuujua. Miaka iliyofuata, kila alipofundisha vijana kuendesha programu za zamani kwa lugha mpya, aliwaambia hili kabla hawajagusa kibodi: ukimtuma mzee, usimzibe kinywa.