Mize na Wenzake wa Mhinani

Jamani, hadithi inakuja!

— Na ije, tumeitandikia mkeka!

Inakuja na miguu sita!

— Miguu sita ya nani?

Ya maharusi watatu, na hakuna hata mguu mmoja uliokwisha kutiwa hina!

— Itie, tuione!

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu kwa bibi yake, palikuwa na vijiji vitatu kando ya mto mmoja. Kijiji cha juu, kijiji cha kati, kijiji cha chini. Na pale njia za vijiji hivyo zilipokutana paliota mhina, mhina mmoja mkubwa. Desturi ya watu wale ilikuwa hivi: msichana akichumbiwa, hina ya harusi yake anaichuma mwenyewe. Hachumiwi na mama. Hachumiwi na shangazi. Anachuma Jumatatu tatu, anaanika, anatwanga, ndipo anaolewa.

Kijiji cha chini alikuwepo binti mmoja, jina lake Mize. Baba yake Mzee Kitwana, mama yake Bi Saumu. Mize alikuwa amechumbiwa na mgeni mmoja mfanyabiashara, akiitwa Haji. Haji mpole. Haji nadhifu. Haji akimenya chungwa, ganda halikatiki, na kipande cha kwanza anampa mzee wa nyumba. Kijiji kizima kikasema, "Mize amepata mume!"

Naye Mize alikuwa hali, hanywi, hatulii.

Akamwendea mama yake. "Mama, naogopa."

Bi Saumu alikuwa katika kuazima sahani za shughuli. Hakusimama. "Kila biharusi anaogopa. Nyamaza, watu wasikusikie."

Akamwendea shangazi yake. "Shangazi, naogopa."

"Hilo ni tumbo tu. Kunywa maji ya tangawizi."

Akamwendea somo wake, yule mwanamke aliyekuwa akimfunda mambo ya unyumba. "Somo, naogopa."

"Biharusi hanung'uniki, mwanangu. Biharusi huinamisha kichwa, akatabasamu."

Basi Mize akainamisha kichwa, akatabasamu. Akatabasamu asubuhi, akatabasamu mchana, mpaka mashavu yakamuuma. Wewe dada uliyekaa karibu na mlango, naona unatikisa kichwa. Unaijua hiyo.

Jumatatu ya kwanza ikafika. Mize akachukua kikapu, akaenda mhinani. Akawakuta wasichana wawili wamemtangulia. Mmoja mrefu, sauti yake inasikika kabla hujamwona: huyo ni Tunu, wa kijiji cha juu. Mwingine mdogo mdogo, macho hayatulii: huyo ni Mwanakheri, wa kijiji cha kati. Wote wawili wanaolewa mwezi huohuo. Hawajapata kuonana. Wakasalimiana, wakaanza kuchuma, na Tunu akaanzisha wimbo:

*Chuma hina, chuma jani,*
*mkono wangu u tayari,*
*moyo wangu u njiani.*

"Shangazi zangu wamegombana," Tunu akasema. "Mmoja anataka sare ya kanga nyekundu, mwenziwe anataka ya kijani. Sasa hawasemeshani. Wanakaa chumba kimoja, na kila mmoja ananituma mimi nimpelekee mwenziwe maneno!"

"Afadhali wewe," Mwanakheri akasema. "Mpishi wetu ameumwa na nyuki, macho yote mawili yamefumba. Anasema tusitafute mpishi mwingine, pilau ataipika kwa kunusa."

Mize akacheka. Alikuwa hajacheka mwezi mzima. Akacheka mpaka kikapu kikamponyoka.

Jumatatu ya pili wakakutana tena. Wakaimba tena, lakini mara hii walikuwa wanaimba chini chini. Mize akavunja jani, akalishika mkononi, hakulitia kikapuni.

"Dada zangu," akasema, "niwaambie kitu? Msinicheke. Mimi naogopa, na sijui naogopa nini."

Hakuna aliyecheka. Tunu, yule mwenye sauti kubwa, akawa na sauti ndogo. "Mimi naota nimevaa nguo ya harusi, mlango umefungwa, sioni kitasa."

Mwanakheri akasema, "Mimi mchumba wangu hana mtu. Hana mama, hana mjomba, hana hata rafiki wa kumsindikiza. Nikiuliza, ananiambia ndugu zake wako mbali."

"Hata wangu hana mtu," Tunu akasema.

"Na wangu," Mize akasema.

Wakatazamana. Kisha kila mmoja akajisemea moyoni: wageni ndivyo walivyo, watu wao wako mbali. Wakarudi makwao.

Jumatatu ya tatu, hiyo ndiyo ya mwisho. Siku hiyo hakuna aliyeimba. Mize alikuwa amekonda, bangili zinamtoka mkononi. Tunu akamhurumia, akamwambia, "Hebu, Mize, tusizungumze hofu leo. Tuambie neno moja zuri alilokuambia mwenzio."

Mize akaona haya. Akaangalia chini. Neno alikuwa nalo, moja, amelificha moyoni kama kito. Lilikuwa ndilo lililomfanya akubali posa.

"Aliniambia, 'Mize, nyumba yangu ina vyumba vinne…'"

"'…na vyote vinne vinaniuliza, wewe uko wapi,'" Tunu akamalizia.

Mize akainua macho, akamkazia Tunu.

Mwanakheri akakaa chini, palepale kwenye vumbi. "Wangu anammenyea baba yangu chungwa," akasema taratibu, "na ganda halikatiki."

"Wako anaitwa nani?" Mize akauliza.

"Faraji."

"Wangu anaitwa Shomari," Tunu akasema.

"Wangu Haji."

Majina matatu, mtu mmoja! Harusi ya Tunu Ijumaa, ya Mwanakheri Jumamosi, ya Mize Jumapili. Lakini kabla ya harusi kulikuwa na Jumatano. Na Jumatano hiyo, kila nyumba ilikuwa imekubali kumkabidhi bwana harusi kijaluba, kisanduku kidogo cha bati chenye dhahabu za mama wa biharusi, akazing'arishe kwa sonara. Kijiji cha juu asubuhi. Kijiji cha kati saa nne. Kijiji cha chini adhuhuri. Mtu mwenye vijaluba vitatu adhuhuri ya Jumatano, Ijumaa angengoja nini?

Tunu akakimbia kwao. Baba yake akamwambia, "Wenzako wanakuonea wivu." Mwanakheri akakimbia kwao. Mama yake akapiga kelele, "Mwanangu amerogwa!" Mize akakimbia kwao. Bi Saumu akamwambia, "Wasiwasi wa biharusi. Utakwisha."

Mnaona? Walisema, hawakusikika.

Lakini Mwanakheri, yule mdogo mwenye macho yasiyotulia, alikuwa na akili inayotembea kuliko macho yake. Jioni ile walikutana tena mhinani, akawaambia wenziwe, "Tukishindwa kuwaambia, tuwaonyeshe. Dhahabu tuzitoe, ndani tutie kokwa za ukwaju." Tunu akafanya hivyo kwao. Mwanakheri akafanya hivyo kwao. Mize akashindwa. Bi Saumu alikuwa analala na kijaluba chini ya mto, na mchana anakibeba kwapani kama kuku. Kwa hiyo kijaluba cha Mize kilikuwa na dhahabu kweli, za mama yake na za mama wa mama yake.

Jumatano ikafika. Tunu na Mwanakheri wakaaga kwao kwamba wanakwenda kuanua hina, wakashika njia ya kijiji cha chini. Mize akawapitisha uani, akawaficha nyuma ya pazia la ukumbini.

Adhuhuri, hodi! Haji huyo, kanzu nyeupe, mkoba begani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, vijiji viwili, jua kali. Mzee Kitwana akampokea, na majirani wawili wakaja kushuhudia. Mize akapakua wali wa nazi, akaujaza sahani mpaka ukawa kilima. Juu akaweka paja la kuku. Haji akala. Akaongezwa, akala. Akaongezwa tena, akala. Bi Saumu akaleta kijaluba, akakiweka juu ya mkeka.

"Niruhusuni nijinyooshe kidogo," Haji akasema. Akajilaza, mkoba akaufanya mto. Hata hawajaondoa sahani, anakoroma.

Mize akapiga magoti mbele ya baba yake. "Baba, mtu huyu ana majina matatu. Nipe ruhusa nikuonyeshe."

"Mize, usinitie aibu mbele ya majirani."

"Nikikosea, baba, nitaolewa naye Jumapili, na sitafungua mdomo tena maisha yangu."

Mzee akamtazama. Akaona jinsi mashavu yalivyoingia ndani. "Onyesha," akasema.

Nyuma ya pazia Tunu akaita, "Shomari!"

Haji akakoroma.

Mwanakheri akaita, "Faraji!"

Haji akajikuna shavu, akageuka, akakoroma.

Jirani mmoja akaanza kucheka. "Mzee Kitwana, tunakwenda zetu. Biharusi wako ana homa." Naye mzee uso umemshuka. "Yatosha, Mize," akasema.

Mize akasimama pale katikati ya ukumbi. Na wazo likamjia, wazo baya: huenda kweli huyu ni Haji tu. Huenda nimesikia vibaya. Huenda maneno mazuri ni machache duniani na wanaume wote wanasema yaleyale. Akamtazama mtu yule alivyolala, na, nisiwafiche, alitamani awe amekosea. Mize alikuwa anampenda mtu huyo.

Nyinyi mngefanyaje?

— Mwamshe!

Mngemwamsha, angeamka Haji. Angetabasamu. Sivyo?

— Ndivyo!

Mize akakiinua kijaluba kutoka kwenye mkeka. Akavuta pumzi. Akapiga ukelele uliofika mtoni:

"Mwizi! Mwizi wa dhahabu!"

Yule mtu akaruka kabla macho hayajafunguka, akaukumbatia mkoba kwa mikono miwili. "Vyangu!" akapiga kelele. "Vijaluba vyangu! Vyote vitatu!"

Majirani waliokuwa wanatoka wakageuka.

Mzee Kitwana akasimama polepole. "Vitatu? Mimi nimekupa kimoja. Na hicho kimoja kiko mkononi mwa binti yangu."

Pazia likafunguka. Akatoka Tunu. "Habari za safari, bwana Shomari?"

Akatoka Mwanakheri. "Umeshiba, bwana Faraji?"

Mtu yule akamtazama huyu, akamtazama huyu, akamtazama Mize. Akaukimbilia mlango. Jirani yule aliyekuwa anacheka ndiye aliyemkamata kwa kanzu. Wakamwaga mkoba: vijaluba viwili, kila kimoja kikafunguka, kokwa za ukwaju zikatawanyika mkekani. Alipoziona alipiga magoti akaanza kuzipekua kwa vidole, moja moja, kana kwamba chini yake kuna dhahabu.

Wakampeleka kwa jumbe. Wazee wa kijiji cha juu wakaitwa, wa kijiji cha kati wakaitwa. Baba yake Tunu akamtazama bintiye, hakujua pa kuweka mikono. Mtu yule akafukuzwa, akaapishwa asikanyage tena ukingo wa mto ule. Jina lake la kweli hata leo halijulikani.

Mngependa niseme Mize alifurahi. Hakufurahi. Jioni ile, watu walipokuwa wanashangilia mbele ya nyumba, yeye alikwenda uani, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akalia.

Bi Saumu akamfuata. "Unalia nini, mwanangu? Dhahabu zimepona."

"Silii dhahabu, mama. Nilimpenda. Na niliogopa, nikakwambia, na hukunisikia."

Bi Saumu akaketi kando yake, chini, mwanamke mzima na nguo yake ya kutokea.

"Mimi nilipokuwa naolewa na baba yako," akasema, "nilitapika siku saba. Nikasema ni homa. Bibi yako alijua si homa. Akaniambia ninyamaze, nami nikanyamaza. Baba yako alikuwa mtu mwema, Mize, lakini mimi sikulijua hilo. Niliingia nyumbani kwake nimefumba macho. Nilibahatika tu. Na miaka yote hii nimedhani nilikuwa jasiri."

Kutoka ukumbini mtu akaita, "Bi Saumu! Wageni wanakutafuta!"

"Waambie sipo!" Bi Saumu akajibu. Akaushika mkono wa bintiye. "Sema, mwanangu. Sema yote, hata yale unayoyaona ya kijinga. Anza unapotaka."

Na Mize akaanza.

Mimi nimewaacha palepale uani, mama na mwana, wanazungumza. Nilichokiongeza ni chumvi kidogo, nilichokipunguza ni miiba. Mmesikia?

— Tumesikia!

Imewaingia?

— Imetuingia!

Basi inukeni, mkunje mkeka wangu.