Tofali, Kapu na Unyoya

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Leo sina sungura wala fisi wa kuwachekesha. Leo nina hasira, na nitaitoa yote hapa mbele yenu, halafu nyie ndio mtaniamulia.

Chemchemi yetu ya hapa kijijini Kwembalasa mnaijua, ile inayotoka chini ya jabali. Ina desturi yake. Haiitwi kwa jina la mwenye shamba. Inaitwa kwa jina la mtu aliyeiokoa mara ya mwisho. Mimi nilipoolewa huku nilikuta inaitwa Kwa Mamntangi, maana mlima ulipomeguka ukaifukia, mwanamke huyo aliichimbua kwa jembe na kwa kucha zake, na tumboni ana mimba. Kabla yake ilikuwa na jina jingine, hilo limeshasahaulika. Jina ni moja tu. Mtu akikuuliza, "Na ndoo hiyo unakwenda wapi?" unamjibu, "Nakwenda kwa fulani." Hujibu kwa fulani na fulani na fulani.

Haya. Sasa wapokeeni watu watatu, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, waliokuwa wakila sinia moja tangu utoto.

Wa kwanza ni Mbelwa, mpiga picha za harusi. Huyu kajaliwa kutunza. Hatupi kitu, soksi zake za darasa la kwanza anazo mpaka leo. Ana laptopu nyeusi, nzito, ya mtumba, ilishachoka ofisini kwa watu huko Dar ndipo yeye akainunua. Maandishi ya mgongoni mimi siyasomi, kwa hiyo naiita Tofali. Tofali limeanguka kutoka kwenye pikipiki, limenyeshewa, mtoto kalimwagia chai ya maziwa, na kesho yake linawaka kama kawaida. Betri yake tu ndiyo maiti: chomoa waya, limezima. Lakini ulichoweka ndani utakikuta. Mbelwa husema, "Wenzangu mmenunua sura. Mimi nimenunua mifupa."

Wa pili ni Mwantumu, ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale sokoni. Huyu kajaliwa mikono. Laptopu yake ya kijivu, plastiki tupu, bawaba zilikatika mapema akazifunga kwa mpira wa baiskeli. Ikiwashwa inachemka kama makande, feni yake inaunguruma kama mashine ya kusaga, na betri yake nayo haishiki chaji. Lakini inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na chochote ukitiacho ndani inakipokea. Mimi naiita Kapu. Mwantumu naye husema, "Yangu inaumwa kila siku na inapona kila siku. Za kwenu zikiumwa mnachimba kaburi."

Wa tatu ni Zaina, mwalimu wa awali, kasomea Tanga. Huyu kajaliwa moyo. Haogopi mtu. Laptopu yake nyembamba, inameta. Ukiibeba kwapani unasahau kama umebeba kitu. Naiita Unyoya. Inakaa na chaji kutwa nzima, kioo kinaonekana hata juani, na sauti yake inajaza nyumba. Ila imezibwa kila upande. Ikiharibika hata kidogo, safari ya mjini. Na mama yake mpaka leo hataki nailoni ya dukani ibanduliwe. "Ibaki mpya," anasema.

Siku za Idi, tulikuwa tunacheka hapa mpaka mbavu zinauma.

"Wee Mwantumu, hilo Kapu lako si laptopu, ni jiko. Weka chungu tupike."

"Na hilo lako Mbelwa, ukimrushia nguruwe anakufa."

"Zaina msimsemeshe, laptopu yake itapata baridi."

Wanataniana, mikono yote imo kwenye pilau moja. Huo ndio uliokuwa utani wetu. Yashikeni hayo.

Basi akaja Bwana Kizuguto. Jina lake tu nikilitaja ulimi wangu unawasha.

Mara ya kwanza alikuja kama mgeni, kwenye harusi ya binti yetu Sikujua. Huku kwetu bibi harusi hupelekwa chemchemini, huchotewa maji kwa kata, halafu kata inapita kwa wageni. Kizuguto akanywa, akapangusa mdomo, akasifu. Tukamkaribisha. Baadaye akanunua shamba la juu, lenye jabali lile. Kisha siku moja tumeamka, chemchemi imezungushiwa waya wa miba, na geti, na mbwa.

Tukamwuliza, "Bwana, kulikoni?"

Anajibu bila haya, "Hapa nilikuta vichaka na tope. Chemchemi hii nimeichimba mimi. Maji haya nayatia kwenye chupa."

Kaichimba yeye! Mikono laini kama ya mtoto mchanga!

Tukawa tunashuka mtoni, kule ng'ombe wanakokunywa na kukojoa. Mtelemko unateleza. Na aliyeteleza ni nani? Ni Sikujua, yule yule bibi harusi aliyemnywesha Kizuguto maji. Ndoo kichwani, mimba tumboni. Akaanguka. Mimba ikatoka. Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji ya moto, na maji yenyewe yalikuwa ya tope. Niambieni nisiwe na hasira!

Mwenyekiti Shekidele akaitisha mkutano. Akasema, "Kila upande ulete ushahidi. Asiye na ushahidi anyamaze, chemchemi iende kwa mwenzake." Mvua zilikuwa nyingi, mahali pa kukaa watu wote hapakuwepo, isipokuwa ghala la Kizuguto. Tukakubali tukutane humo. Wajinga sisi.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Mbelwa alikumbuka. Aliipiga picha ile harusi ya Sikujua, za kutembea, na sauti. Miaka imepita, bwana harusi mwenyewe kaipoteza nakala yake, lakini Mbelwa hatupi kitu. Akalifungua Tofali, akatafuta, akaikuta. Kizuguto huyo, kata mkononi, anasema kwa kinywa chake: "Maji ya Kwa Mamntangi matamu jamani, ahsanteni kwa kunikaribisha chemchemini kwenu." Kwenu! Mbelwa akapiga ukelele mpaka kuku wakaruka. Asubuhi ya mkutano akaliacha Tofali linawaka, kalichomeka kwenye umeme, akaenda kunyoa ndevu.

Mama yake kaingia chumbani. Mnamjua Mama Mbelwa, televisheni kaivalisha kitambaa cha kufuma, redio kaivalisha, hata mtungi wa gesi una gauni. Akaona kitu kilichobeba chemchemi yetu kimelala uchi mezani. Akakionea huruma. Akakiweka juu ya godoro, akakifunika kitambaa cha kufuma, juu yake kanga, akakiombea dua. Tofali likakosa pumzi. Mbelwa anarudi, chumba kinanuka plastiki iliyoungua. Lililoanguka kwenye pikipiki halikufa, likafa kwa heshima ya mama.

"Nilikitunza, mwanangu!"

"Mama, umekivisha sanda!"

Mwantumu akaitwa. Siku ya soko hiyo, wateja wamejipanga kibandani kwake, akawafungia mlango. "Mtanisamehe, leo nachapa maji." Akaja na bisibisi. Akalipasua Tofali, akatoa kibati cha ndani kinachoshika kumbukumbu, wenyewe wanakiita diski. Akamwambia Zaina, "Lete ya kwako tukiweke humo." Unyoya hauna pa kufungulia, tundu lake ni la flashi tu. Ndipo akaligeuza Kapu lake, akalifungua tumbo, akaing'oa diski yake mwenyewe yenye kazi za wateja, akaitia ya marehemu. Akafunga kwa mpira wa baiskeli, akawasha. Feni ikanguruma, moshi kidogo, sote tumeshika vifua. Kizuguto akatokea kwenye kioo, kata mkononi. Mwantumu akainakili harusi kwenye flashi, akaitia kifuani, tukaondoka mbio.

Ghalani Kapu likaunganishwa na televisheni kubwa ya Kizuguto mwenyewe, maana alidhani tunaleta porojo. Harusi ikaanza. Vigelegele, ngoma, Sikujua kafunikwa ushungi. Sikujua halisi kakaa pembeni yangu, analia kimya. Kizuguto akajiona anakuja na kata. Akamkonyeza mtu wake aliyesimama ukutani penye swichi.

Paa! Giza, ghala lenyewe halina dirisha. Televisheni imezima. Na Kapu, betri yake mnaijua, likazima palepale.

"Poleni," anasema Kizuguto, "umeme umekatika. Mkutano umefungwa, twendeni nyumbani."

Umeme umekatika, na friji lake chumba cha pili linanguruma! Shetani mkubwa.

Watu wakaanza kunyanyuka. Hapo ndipo Zaina aliposimama. "Kaeni chini nyote!" Sauti ile ile anayowatulizia watoto wake wa darasani, na wazee wakakaa. Akaipokea flashi kwa Mwantumu, akaichomeka kwenye Unyoya, akaupandisha juu ya magunia, akafungulia sauti yote. "Maji ya Kwa Mamntangi matamu jamani…" Ghala zima likasikia. Kizuguto akamrukia, akaukamata Unyoya upande mmoja, Zaina upande wa pili. Akamwambia, "Binti, ukiniachia nitakununulia mpya."

"Na mimba ya Sikujua utainunua duka gani?"

Kizuguto akaachia kwa aibu. Unyoya ukapita kutoka paja hadi paja, mkeka hadi mkeka, mikono ina tope la njiani, na kila aliyeupokea alirudisha nyuma akasikia tena. Haukuzima. Jua linazama bado unasema "chemchemini kwenu, chemchemini kwenu." Mpaka leo Mama Zaina anajigamba kwamba iliyouokoa ni nailoni yake.

Shekidele akatoa hukumu: chemchemi ni ya kijiji. Waya ukang'olewa siku ile ile, kwa mikono ya wanawake.

Hadithi ingeishia hapo, ningekuwa nimelala. Lakini chemchemi imeokolewa, na inataka jina jipya.

Mbelwa kasema, "Ni Kwa Mbelwa. Bila mimi mngeonyesha nini? Mngeonyesha ukuta?"

Mwantumu akamjibu, "Lako lilikuwa maiti, mimi ndiye niliyelipasua. Maiti haipewi chemchemi."

"Limekufa halikupoteza hata sura moja! Lako lilikufa likiwa hai!"

Zaina akasema, "Nyie wote wawili mlikuwa gizani. Aliyewasha ni mimi."

"Ulichowasha umekitoa wapi? Hiyo sahani yako inayometa ilikataa diski!"

Mara ya kwanza nikadhani ni utani wa Idi. Sio utani. Kijiji kimegawanyika. Watu hawajawahi kugusa laptopu maishani mwao, utawasikia dukani, "Mimi ni wa Tofali, kitu cha kudumu." "Toka hapa, kitu ni kile kinachotengenezeka." "Kinachotengenezeka cha nini kama hakikai na chaji?" Mtu kamnyima shemeji yake chumvi kwa ajili ya betri! Idi iliyopita wale watatu kila mmoja alikula sahani yake, kampa mwenzake mgongo. Pilau likapoa.

Na Mbelwa anasema kweli. Na Mwantumu anasema kweli. Na Zaina anasema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwepo mwongo mmoja ningemchapa na mwiko yakaisha.

Juzi Shekidele kaleta habari. Watu wa ardhi wanakuja kesho kupima na kuandika. Kila chemchemi itaandikwa kwa jina linalotajwa na wenyeji, jina moja. Wakikuta wenyeji hawana jina, wataandika la mwenye shamba inamotoka. Mmesikia? Wataandika Kizuguto. Yeye keshasikia. Leo asubuhi nimempita, kasimama pale lilipokuwa geti lake, kakunja mikono, anatuangalia tunavyonuniana. Anacheka. Hana haja ya waya tena, waya tumeuzungusha sisi wenyewe.

Na Sikujua kapata mimba tena. Nimekutana naye njiani, ndoo kichwani. Nikamwuliza kama tulivyozoea, "Mwanangu, unakwenda wapi?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Akaangalia nyumba ya Mbelwa, akaangalia ya Mwantumu, akaangalia ya Zaina. Akasema, "Nakwenda pale."

Pale! Chemchemi ya Mamntangi, inaitwa pale!

Basi mimi nimemaliza, koo limekauka, na maji ya kunywa sijui niyaombe kwa jina gani. Nimewasimulia bila kumpunja mtu. Wewe hapo, na wewe unayejificha nyuma ya mwenzako: kesho mpimaji akishuka na kalamu yake, akikuuliza, "Bwana, bibi, hapa ni kwa nani?" utamjibu ni kwa nani? Kwa aliyeyatunza maneno yale, kwa aliyeyafufua, au kwa aliyesimama nayo gizani?

Semeni basi. Sitoki hapa mpaka mseme.